Mziki kwenye Subaru WRX: dalili, chanzo na pa kuanzia kupima

Fundi akikwama kwenye kasoro ya mziki wa gari, jambo jepesi ni kumwambia mwenye gari anunue kifaa kingine: amplifaya kubwa zaidi, sabufa yenye sumaku mbili, kapasita yenye taa za bluu. Hela inaondoka na kasoro inabaki palepale, kwa sababu chanzo kilikuwa boliti ya athi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bati la gari) iliyokazwa juu ya rangi, au boksi lililowekwa mahali ambapo besi haina njia ya kutokea. Gari la spoti huongeza ugumu wake: nafasi ni finyu, bati ni jembamba, na ekzosi inavuma masafa yaleyale ambayo sabufa inajaribu kuyatoa.

Mfano tunaoutumia ni Impreza WRX ya sedani, lakini mengi yanafaa pia kwa Toyota 86, RX-8 au MX-5. Mfumo wenyewe: redio ya kubadilisha, spika za inchi 6.5 na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) milango ya mbele, amplifaya ya chaneli nne yenye wati 75 kwa kila chaneli, amplifaya ya chaneli moja yenye wati 500 kwenye omu 2, na sabufa moja ya inchi 10 yenye koili mbili za omu 4. Wati zote tunazotaja ni RMS, yaani nguvu ya kudumu. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa kifungashio isahau.

Vifaa vya kupimia ni multimita, betri ndogo ya volti 1.5, waya wa mita tano wa kuongezea mkono wa multimita, na simu yenye faili za toni za 50 Hz na 1,000 Hz.

Taa zinacheza, amplifaya inazima besi ikipiga

Anza na umeme. Injini ikiwa imezimwa kwa muda, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, tarajia 13.8 hadi 14.4. Kisha piga mziki kwa sauti unayosikilizia kwa kawaida, upime kwenye skrubu za amplifaya yenyewe. Tofauti kati ya betri na amplifaya ikizidi volti 0.5, njia ya umeme ina tatizo, na amplifaya haina kosa.

Ili kujua ni upande gani, unganisha mkono mmoja wa multimita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye chanya ya amplifaya, mziki ukiendelea. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Rudia kwa upande wa hasi. Upande wenye namba kubwa ndio wa kushughulikia.

Hesabu iko hivi. Amplifaya hizi mbili zikitoa wati 800 kwa ufanisi wa asilimia 80, zinavuta wati 1,000, yaani karibu ampea 72 kwenye volti 13.8. Waya wa geji 4 (namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi) wa shaba tupu, wenye unene wa mm² 21, ukitoka mbele hadi buti kwa mita 5, hupoteza takriban volti 0.3. Hiyo inavumilika. Geji 8 kwenye mzigo huohuo hupoteza zaidi ya volti 0.7 na kupata joto.

Hapo ndipo seti za nyaya za bei ya chini zinapowaumiza watu. Nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu. Si lazima uitupe, lakini panda unene. Mahali pa geji 4 weka geji 2 au 1/0. Mbaya zaidi, baadhi ya nyaya zimeandikwa geji 4 ilhali plastiki ndiyo nene na uzi wa ndani ni wa geji 8. Menya ncha kabla ya kulipa.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulinda waya, usiungue ukisuguana na bati pale unapopenya ukuta wa injini, kwa hiyo fyuzi iliyofungwa buti karibu na amplifaya hailindi chochote njiani. Kwa mfumo huu weka ampea 80 mbele, kisha kwenye kigawio cha nyuma weka 50 kwa sabufa na 40 kwa chaneli nne. Tundu la ukuta wa injini livishwe raba. Wenye MX-5 za vizazi viwili vya kwanza wana nafuu: betri yao iko buti, waya ni mfupi, ila fyuzi bado ni lazima.

Upande wa hasi ukionyesha hasara, fungua athi. Ikwangue rangi hadi bati ling'ae, tumia kituo cha waya kilichobanwa vizuri, boliti yenye washa ya meno, kisha paka grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Unene wa waya wa hasi uwe sawa na wa chanya, urefu usizidi nusu mita. Usitumie boliti ya mkanda wa usalama: ina gundi na mipako inayozuia umeme, na si mahali pa kuchezea. Usitoboe sakafu bila kuchungulia chini. Kwenye Impreza na kwenye 86 tangi la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, na mabomba ya breki hupita jirani.

Kama njia ni safi na volti bado zinashuka kwenye betri yenyewe, sasa ndiyo zamu ya alternata. Kabla ya kununua kubwa zaidi, ongeza unene wa nyaya tatu zilizopo: alternata hadi chanya ya betri, hasi ya betri hadi bodi, na bodi hadi injini. Kapasita haizalishi umeme. Inasaidia mshtuko wa sehemu ya sekunde, halafu inageuka kuwa mzigo mwingine wa kuchajiwa.

Amplifaya imeingia "protekti", taa nyekundu

Chomoa nyaya zote za spika na za RCA (kebo za mziki kutoka kwenye redio), acha chanya, hasi na remoti (waya wa redio unaoiwasha amplifaya) tu. Ikiwaka kawaida, amplifaya ni nzima na kosa liko nje. Ikibaki nyekundu, pima volti kwanza. Zikiwa sawa, imekufa ndani.

Rudisha waya mmoja mmoja. Kabla ya kurudisha, pima omu. Spika ya omu 4 husoma takriban 3.2 hadi 3.7, na koili ya omu 2 husoma karibu 1.6 hadi 1.9. Kisha pima kati ya kila waya wa spika na bodi ya gari: lazima isisomeke njia kabisa. Ikisomeka, waya umebanwa, mara nyingi kwenye mpira wa bawaba ya mlango au chini ya reli ya kiti.

Chanzo kingine ni kuunganisha koili vibaya. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 hutoa omu 2 zikiwa sambamba, au 8 zikifuatana. Yenye koili mbili za omu 2 hutoa 1 au 4. Ukinunua ya koili za omu 2 ukaiunga sambamba kwenye amplifaya isiyoruhusu omu 1, itapiga vizuri kwa sauti ndogo na kuzima ukiongeza. Ikizima baada ya nusu saa tu, hasa mchana wa jua kali, angalia hewa. Amplifaya iliyofungwa chini ya kapeti au iliyobanwa nyuma ya boksi haipoi. Iachie angalau sentimita 5 juu na pembeni.

Mlio mwembamba unaopanda na raundi za injini

Mlio ukipanda na kushuka unapokanyaga mafuta, unatokana na alternata na umeingia kupitia tofauti ya volti kati ya athi mbili. Kelele ikiwa haibadiliki na raundi, tafuta kwingine: geini (kirekebisho cha kiwango cha ishara kwenye amplifaya) iliyopandishwa mno, taa za HID (xenon), au chaja ya simu ya bei poa. Ichomoe chaja kwanza. Inamaliza kesi nyingi kuliko watu wanavyotaka kukubali.

Zima mfumo, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Mlio ukibaki, kosa ni la amplifaya au athi yake. Ukipotea, rudisha RCA na uende kwenye redio. Gusisha kwa waya ganda la nje la RCA ya redio na bodi ya chuma ya redio hiyo. Mlio ukikatika papo hapo, fyuzi ndogo ya ndani inayounganisha ganda hilo na athi ya redio imeungua. Huungua athi ya amplifaya inapolegea, mkondo mkubwa ukatafuta njia ya kurudi kupitia RCA, au mtu anapochomeka RCA mfumo ukiwa umewashwa. Rekebisha athi ya nyuma kwanza, la sivyo fyuzi mpya itaifuata ile ya zamani.

Kama si hayo, angalia njia ya kebo. Waya wa umeme upite ubavu mmoja wa gari, RCA upande mwingine au katikati. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe ya mraba. Kichujio kinachouzwa kuondoa mlio kiwe suluhisho la mwisho, maana vingi hupunguza na besi pia.

Besi ni hafifu ingawa sabufa inatikisika

Hili ndilo lalamiko kubwa kwenye magari ya spoti, na mara chache sana linatibiwa na wati.

Fungua buti, simama nyuma ya gari, sikiliza. Besi ikiwa nzito nje na nyepesi kwenye kiti cha dereva, imefungiwa. Kwenye WRX ya sedani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiti cha nyuma hakilali, na nyuma yake kuna chuma. Kwenye MX-5 buti limetengwa kabisa na chumba. Toyota 86 ina nafuu, kwani mgongo wa kiti cha nyuma hulala wote kwa pamoja. Besi inahitaji tundu: uwazi wa katikati ya kiti pale ulipo, au matundu ya rafu ya nyuma baada ya kutoa spika za zamani. Geuza sabufa itazame uwazi huo, boksi likaribie sentimita chache tu, kisha ziba nafasi inayobaki kati ya boksi na bati kwa sponji nzito ili sauti ya mbele ya koni isizungukie buti. Kama hakuna uwazi kabisa, badala ya kuhangaika na buti, tafuta sabufa nyembamba ya kukaa chini ya kiti au miguuni mwa abiria. Itakuwa ndogo, lakini itakuwa chumba kimoja na wewe.

Kama besi ni hafifu nje na ndani, shuku polariti, yaani chanya na hasi kubadilishana. Chomoa sabufa, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya zake, chanya kwa chanya. Koni lazima isukume nje. Kwenye sabufa ya koili mbili jaribu kila koili peke yake: moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zinauana, na koili zitapata joto bila sauti. Fanya hivyo na spika za milango. Twita usiziguse na betri.

Zote zikiwa sawa, geuza polariti ya sabufa makusudi, kwa swichi ya faza au kwa kubadilisha nyaya, usikilize ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa takriban mita 4.3, na sabufa ya buti iko mbali nawe kuliko spika ya mlango kwa mita moja na zaidi, kwa hiyo pale krosova (kichujio kinachogawa masafa kati ya sabufa na milango) inapokutana mawimbi yanaweza kufutana hata kama waya zote ziko sahihi. Chagua upande wenye besi nzito zaidi, uuache hapo. Krosova anza nayo 80 Hz: chini yake kwa sabufa, juu yake kwa milango. Ukiacha milango bila kichujio, spika za inchi 6.5 zitajaribu kutoa 40 Hz na kukwaruza mapema.

Boksi nalo lina lake. Inchi 10 nyingi hutaka boksi lililozibwa la lita 14 hadi 21. Namba kamili iko kwenye karatasi ya sabufa. Boksi la ndani sm 40 × 25 × 20 lina lita 20, ukitoa mwili wa sabufa unabaki na takriban 18. Kwa MDF ya mm 18 vipimo vya nje vinakuwa sm 43.6 × 28.6 × 23.6, uzito wa ubao karibu kilo 7. Boksi likiwa dogo mno, besi inakuwa ya "dum dum" bila kina. Likivuja kwenye kona au kwenye terminali, utasikia pumzi. Pitisha mkono uliolowa kidogo kwenye kingo wakati wa toni ya 50 Hz, utahisi upepo. Toa sabufa, jaza silikoni kutoka ndani, iache ikauke siku nzima kabla ya kuirudisha, kwani mvuke wa baadhi ya silikoni huharibu gundi ya koni.

Boksi lenye tundu linapendwa kwa kishindo, ila kwa gari dogo tunalipinga. Linahitaji nafasi kubwa zaidi, na chini ya masafa lililotuniwa koni haina hewa ya kuishika na hupigapiga hadi ivunjike kama hujaweka kichujio cha masafa ya chini kabisa. Chumba kidogo kinakusaidia bure: gari lenye urefu wa ndani wa mita 2.5 huanza kuongeza besi lenyewe kuanzia karibu 70 Hz kushuka chini, na ongezeko hilo linaelekea kufidia kile ambacho boksi lililozibwa hupunguza. Ndiyo maana inchi 10 moja kwenye WRX inaweza kushuka chini kuliko unavyotegemea.

Boksi lifungwe kwa boliti. Kilo 15 zinazoteleza buti kwenye kona hubadilisha tabia ya gari, na kwenye ajali huja mbele.

Gari limesimama besi ipo, barabarani inapotea

Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kwa kila mzunguko. Kwenye raundi 2,400 kwa dakika hiyo ni 80 Hz, na kwenye 3,000 ni 100 Hz. Ekzosi kubwa ikivuma hapo, mvumo wake unaifunika besi ya juu, na dereva anaongeza sabufa hadi mjini inakuwa kero. Weka shiti za butili kwenye sakafu ya buti, mapango ya magurudumu na ukuta wa nyuma wa kiti; kufunika asilimia 25 hadi 50 ya kila bati kunatosha kuzima mlio wa bati lenyewe, na zaidi ya hapo unaongeza uzito tu. Mvumo wa ekzosi yenyewe hautibiwi na shiti. Hilo ni suala la mafla.

Mkwaruzo, harufu ya kuungua, twita zinazokufa

Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha volti za redio na za amplifaya. Chomoa spika, zima ikwalaiza na besi busti, weka redio robo tatu ya sauti, piga toni ya 50 Hz, weka multimita kwenye volti za AC kwenye matokeo ya amplifaya. Pandisha geini hadi ufike namba inayotokana na kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6. Kwa milango tumia toni ya 1,000 Hz kama multimita yako inaiweza: wati 75 kwenye omu 4 ni volti 17.3. Ishia hapo.

Ukizidisha, kilele cha wimbi kinakatwa. Koili inapokea nguvu nyingi zaidi bila mwendo wa kuipooza, ndiyo harufu unayoisikia, na masafa ya juu yanayozaliwa na mkato huo huenda moja kwa moja kuziua twita. Besi busti ya desibeli 6 huzidisha wati mara nne, kwa hiyo ukiitumia, weka geini ikiwa busti imewashwa.

Milango inatetemeka, maji yanaingia

Piga toni ya 50 Hz na ubonyeze paneli kwa kiganja: pale mlio unapokoma ndipo penye chanzo. Mara nyingi ni klipu zilizovunjika wakati wa kufungua, au vyuma vya loki. Spika ikae kwenye ringi ya MDF iliyopakwa vanishi au ya plastiki, na matundu makubwa ya bati la ndani yazibwe ili mgongo wa koni usifute mbele yake. Ukiziba, acha matundu ya chini ya mlango wazi. Nailoni ya ndani ukiitoa bila kuweka kitu badala yake, mvua ya kwanza italowesha kapeti.

Mwimbaji anaimbia mlango wa kulia

Unakaa kulia, spika ya kulia iko karibu. Pima kwa tepu kutoka kichwani: kama ya kulia ni mita 1.0 na ya kushoto mita 1.5, chelewesha ya kulia milisekunde 1.5, kwani sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde. Punguza na sauti yake desibeli moja au mbili. Redio isiyo na mpangilio huu haitoweza. Usihamishe balansi mpaka mwisho ukadhani ni kitu kilekile.

FM haikamati baada ya kubadilisha redio

Redio za asili za magari mengi ya Japani ya miaka ya nyuma hupokea 76 hadi 90 MHz, ndiyo maana huwekwa ekspanda (kifaa cha kushusha masafa ya vituo ili redio hiyo ivipate). Redio mpya ya masafa ya 87.5 hadi 108 haiitaki: ukiitoa, vituo vitajipanga sawasawa. Ikiwa bado dhaifu, antena ya kioo ina kikuza ishara kinachotaka volti 12. Upe waya wa bluu wa redio. Wa bluu wenye mstari mweupe ni wa remoti ya amplifaya.

Asubuhi betri imelala

Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, weka multimita ya ampea mfululizo na hasi ya betri. Zaidi ya milliampea 50 ni kubwa mno. Toa fyuzi moja moja hadi ishuke. Mara nyingi remoti imeungwa kwenye waya wa umeme wa kudumu, au redio ya Android inabaki usingizini bila kuzima. Redio ikisahau saa na vituo kila ukizima gari, njano na nyekundu zimebadilishana: njano ni ya kudumu, nyekundu ni ya swichi. Badilishana kwenye adapta, usikate plagi ya gari.